Paa Lilishuka Jumamosi, Vyeti Vikabaki Ndani

Mlio Kakuma, mlio Nyarugusu, mlio Dzaleka, mlio Kyaka na Rwamwanja, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila hata kuacha neno, wote tunawasalimu kutoka Nakivale. Wiki iliyopita hatukuandika kitu na baadhi yenu mlituuliza kwenye meseji kama kuna shida. Shida ilikuwepo, na tuliitengeneza sisi wenyewe. Ndiyo tunaieleza leo.

Wengi mnalijua trela letu. Kwa asiyelijua, ni kile kinyumba cheupe cha magurudumu mawili kilicho pembeni ya uwanja. Kilitengenezwa Marekani kwa ajili ya watu wa kule wanaokwenda likizo wakikivuta nyuma ya gari. Mlango uko upande wa kulia kwa sababu kule magari yanapita kulia, na soketi za ukutani ni za volti 120 wakati umeme wa Uganda ni 240. Shirika moja lilikuwa linalitumia kama chumba cha kupimia watu. Mradi ukaisha, wakatuachia sisi vijana pamoja na ufunguo na kitabu cha maelezo cha Kiingereza. Tukaweka meza, kompyuta nne zilizotumika, na kabati la chuma.

Kitu cha ajabu cha trela hili ni paa. Linapanda na kushuka. Nusu yote ya juu, pamoja na kuta zake, inavaa nusu ya chini kwa nje, kama kasha la kiberiti. Wenzetu wa Marekani walipenda hivyo kwa sababu trela likiwa fupi upepo hauligongi sana barabarani na gari linakula mafuta kidogo. Ila paa likishuka, ukuta wa juu unaziba mlango. Aliye nje haingii.

Kinacholipandisha ni mafuta. Mbele, pale pa kufungia gari, kuna sanduku la chuma lenye betri mbili za volti 12, mota, pampu na kitanki kidogo. Ukibonyeza swichi ya juu, mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, silinda inavuta kebo za chuma, na kebo zinapita kwenye kapi mpaka pembe nne na kuinua paa. Ukibonyeza ya chini, mota haifanyi kazi kabisa. Inafunguka valvu ndogo tu, na paa linashuka kwa uzito wake lenyewe huku likirudisha mafuta kwenye kitanki.

Hapo someni tena polepole, maana ndipo tuliponaswa. Kupandisha kunataka moto mwingi wa betri. Kushusha kunataka kidogo mno. Betri inayokaribia kufa itakushushia paa vizuri kabisa, kimya, bila kukuonya. Kulipandisha haiwezi.

Sasa kwa nini betri zilikuwa zinakufa? Tunaona aibu lakini tutasema. Juu ya paa kuna paneli moja ya sola, na ndiyo peke yake iliyokuwa inachaji betri, kwa kuwa chaja ya ndani inataka volti 120 ambazo hapa hakuna. Tangu mwezi wa nane tulikuwa tunachaji simu za watu usiku, simu moja shilingi 500. Tulianza na simu kumi, tukafika thelathini. Pesa tulikuwa tunaweka kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya kununua karatasi na vifurushi vya intaneti. Mawingu ya Oktoba yalipoanza, paneli ikawa inarudisha kidogo kuliko tulichokuwa tunatoa. Dada yetu mmoja aliyesomea mambo ya sola alituambia mara mbili. Tulimjibu, "Yaya, wiki hii tu, wiki ijayo tunapumzisha." Mnajua wiki ijayo ilivyo.

Jumamosi jioni upepo ulikuja na wingu jeusi kutoka upande wa ziwa. Tukafanya tunachofanyaga siku zote: tukatoka, tukafunga, tukabonyeza swichi ya chini. Paa likashuka taratibu. Mvua ikanyesha usiku kucha, trela halikutikisika, sisi tukalala.

Ndani tulikuwa tumeacha kompyuta, kopo la pesa, na bahasha ya kaki yenye vyeti halisi vya wenzetu sita.

Hao sita walikuwa na usaili wa ufadhili wa chuo Jumatatu saa mbili asubuhi, Mbarara. Barua ilisema waziwazi: njoo na vyeti halisi, nakala hazipokelewi. Na vyeti vilikuwa kwetu kwa sababu sisi ndio tuliovitaka. Tulikuwa tumewaambia wenzetu kwamba nyumba zetu zinavuja, panya wapo, leteni karatasi zenu tuziweke kwenye kabati la chuma. Watano walikubali siku ileile. Wa sita alikataa wiki mbili. Diplomu yake ya Kongo mama yake aliivusha Bunagana ikiwa imekunjwa ndani ya kitenge alichojifunga, siku ambayo waliacha kila kitu kingine, hata sufuria. Mama hayupo tena. Tulimbembeleza sana. Mwishowe alituletea, akasema, "Mimi nawaachia ninyi, si kabati." Tukacheka wakati ule.

Jumapili asubuhi tulibonyeza swichi ya juu. Ikatoa sauti ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga jino. Tukabonyeza tena. Ta-ta. Halafu kimya.

Dada wa sola akaleta mita yake. Betri zikasoma volti 11.9. Mmoja wetu akafurahi, akasema si mbaya, imepungua kidogo tu. Dada akamwambia betri ya volti 12 ikijaa na kutulia inasoma kama 12.6 au 12.7, kwa hiyo 11.9 ni tumbo tupu. Akatuambia tubonyeze swichi huku yeye anaangalia. Mita ikaanguka mpaka 6 na kitu. "Mmeona?" akasema. Hakuongeza neno, na sisi tulishukuru kwamba hakuongeza.

Basi hapo tungetulia tukafikiri. Lakini ilikuwa saa tatu asubuhi na wale sita walikuwa wamekwishafika, wamesimama wanatutazama. Ukitazamwa hivyo unafanya kitu chochote. Tukajipanga wanaume wanane, wawili kila pembe, tukahesabu mpaka tatu tukainua kwa mikono. Pembe ya nyuma upande wa kushoto ikapanda kama shubiri moja. Nyingine hazikusogea. Kitu ndani kikalia kwaa! na ile pembe ikarudi chini, na kidogo tu vidole vya mwenzetu mmoja vingebaki humo. Kucha ya kidole cha shahada ilipasuka. Tulimfunga kitambaa, na bado tulikuwa tunatafuta jeki.

Ndipo tukasikia, "Oya! Oya! Muache!"

Alikuwa ni mzee fundi, Mrundi, yule anayetengeneza baiskeli karibu na soko. Wengi wetu tulikuwa tunamjua kwa baiskeli tu. Kumbe Bujumbura alikuwa anatengeneza matipa, yale malori yanayoinua mgongo kumwaga mchanga, kwa miaka mingi. Alikuja anatembea haraka kuliko tulivyowahi kumuona. Akasema kitu kilichobebwa na mafuta usikiwekee mkono wala kichwa chini yake, hata kama kimesimama mwaka mzima, kwa sababu mpira mmoja wa silinda ukikatika hakikupi nafasi ya kusema samahani. Akatuuliza nani amefundishwa kutumia kitu hiki. Tukamwonyesha kitabu. Akakipindua, akaturudishia.

Mzee alitaka kuona sanduku la mbele kwanza. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe, mzito kama chokaa. Akaomba maji ya moto, magadi na msasa. Halafu akafungua kifuniko cha kitanki. Alituambia mafuta yanapimwa paa likiwa chini, maana likiwa juu mafuta yote yamekwenda kwenye silinda, utadhani yamepungua, utaongeza, na siku ya kushusha yatamwagika. Yalikuwa yamepungua kidogo. Mdogo wetu mmoja akakimbia kwenye vibanda, akarudi na chupa ya mafuta ya breki, anahema, amelipa kwa pesa yake. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaiweka mbali. Mafuta ya breki yanavimbisha na kuozesha mipira ya pampu ya aina hii, akasema. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa mekundu, yale ya giaboksi za otomatiki, na ndiyo aliyoongeza, kikombe kimoja tu.

Tukajaribu betri ya bodaboda. Nayo ni volti 12, tukasema si ndiyo ileile. Mota haikugeuka hata robo. Mzee alikuwa ameshatuambia, lakini alituacha tujaribu, nadhani ili tunyamaze. Volti ni zilezile, ila betri ndogo haina nguvu ya kutoa moto mwingi kwa mara moja. Ni kama kujaza tanki la maji kwa mpira wa dripu ya hospitali.

Saa saba mchana hatukuwa na kitu. Magari ya mashirika hayapo Jumapili. Wale sita walikuwa wamekaa chini ya mti, hawasemi. Mwenye diplomu ya Kongo alikuwa amekaa peke yake kando yao. Mmoja wetu alimpelekea soda, akairudisha bila kuifungua.

Saa tisa ikaja Fuso ya mahindi.

Dereva alikuwa Mnyankole, mtu mwenye haraka, anataka kuwahi kabla barabara haijaharibika tena. Tulimzunguka, "Ssebo, tafadhali, ssebo, dakika kumi tu." Akatazama trela, akatazama betri zake, akasema hapana. Gari lake ni volti 24, litaunguza mota yetu, kisha mkimaliza betri zangu nitalala hapa na mahindi ya watu. Yote mawili yalikuwa ni maneno ya kweli, lazima tuseme. Mzee akamsogelea, wakaongea pembeni, Kiswahili kidogo, Kinyankole kidogo. Alichomweleza ni kwamba lori lile lina betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa ndiyo zinafanya 24, na yeye hatagusa 24. Atachukua moto kwenye betri moja tu, ile ambayo mainasi yake imefungwa kwenye chasisi ya lori. Ukichukua ile nyingine, halafu chuma cha trela kikagusa chuma cha lori, utaona cheche ambazo hukuziomba. Na mota inataka dakika moja, mbili zikizidi. Dereva akasema 50,000. Tukasema 30,000. Akasema sawa, lakini kwanza.

Kopo la pesa lilikuwa ndani ya trela. Hapo dereva mwenyewe alicheka. Tulichanga mifukoni, tukakopa kwa mama wa chapati, tukampa 22,000 na simu ya mmoja wetu kama dhamana.

Mara ya kwanza tulitumia waya za dereva za kuchukulia moto, nyembamba hivi. Tukaunga. Mota ikanguruma kama ng'ombe mgonjwa, paa likapanda kiganja kimoja, waya zikaanza kunuka. Mzee akapiga kelele tuache. Kulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni waya: moto wote unaishia njiani kwa kupasha waya joto badala ya kufika. La pili dada wa sola ndiye aliyeliona, si mzee. Tulikuwa tumeacha betri zetu mbovu zimeungwa. Moto ukitoka kwenye lori, zile betri tupu zinaunywa kwanza, mota inapata mabaki. "Tuzifungue zote mbili," akasema, "tuunge moja kwa moja kwenye waya za mota." Mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, wewe ufanye." Yeye ndiye aliyefungua nati.

Kwa waya tulikwenda kwa mchomeleaji wa mageti. Waya wa mashine ya kuchomelea ni mnene kama kidole gumba. Alikuwa kanisani. Mkewe akatupa, akasema tukipoteza tusirudi.

Kabla ya kuunga tena, mzee akazunguka trela na kukuta lile kwaa! la asubuhi: kebo ya pembe ya nyuma ilikuwa imelegea tulipoinua kwa mikono, ikaruka nje ya kapi. Tungebonyeza vile, pembe tatu zingepanda na moja ingebaki, na paa lingejikunja. Ile ndogo ya dakika moja ya wanaume wanane ilimpa mzee kazi ya saa nzima. Aliirudisha kebo kwa kipande cha nondo, hakuingiza kidole hata mara moja, na hakuna aliyeruhusiwa kusogea. Kwenye reli ya pembe hiyo palikuwa pia na nyumba ya nyigu ya udongo, ngumu kama tofali. Tuliibomoa kwa kijiti, tukapaka sabuni.

Jua lilikuwa linazama. Injini ya lori ikazimwa. Mwenye sigara akaambiwa aende mbali, kwa sababu betri inatoa hewa inayoshika moto. Plasi ikaungwa kwanza. Mainasi ikaungwa mwisho, kwenye chuma cha chasisi ya trela, mbali na betri. Dada wa sola akashika swichi.

Mota ilizunguka. Hatujui kuandika ile sauti. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ile ambayo tuliisikia kila asubuhi bila kuisikiliza. Paa likapanda kiganja, likapanda mkono, mzee akasema simamisha, pumzisha mota, akakagua pembe nne. Tena. Simamisha. Pembe ya sabuni ilichelewa kidogo, ikagongwa kwa mpini wa nyundo, ikafuata. Mara ya nne mlango ulionekana wote.

Yule mwenye diplomu alikuwa ameshafika mlangoni. Mzee akashika mkoba wake kwa nyuma. "Bado, mama. Bado." Hakumwachia mpaka tulipoleta miti minne ya mkaratusi, tukaikata kwa kipimo, tukaisimamisha kila pembe chini ya ukingo wa paa, na yeye mwenyewe akaipiga teke mmojammoja. Ndipo akamwachia.

Aliingia na tochi ya simu. Sisi tulibaki nje, hakuna aliyetaka kumfuata. Tukasikia kabati linafunguka. Halafu muda mrefu hatukusikia kitu. Alipotoka alikuwa na bahasha, akawagawia wale watano kila mtu chake akiwaita kwa majina, diplomu yake akaiweka chini ya blauzi, akaenda nyumbani. Hakutuambia asante, na hatukuitegemea.

Tulipowakumbuka betri za lori ilikuwa giza. Dereva akapanda, akawasha. Lori likakohoa, likanyamaza. Watu kama arobaini tulisimama bila kupumua. Akawasha tena, likashika. Tulimpa 8,000 zilizobaki kutoka kwenye kopo, akarudisha simu, na akaondoka akipiga honi mpaka kwenye kona.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri wale sita walipanda gari ya Mbarara. Majibu ya usaili bado.

Betri zetu mbili dada wa sola amezipima, moja haitapona. Kuchaji simu tumeacha, na mnaotudai chaji mliyolipia njooni mrudishiwe pesa. Kwenye kopo zilikuwemo 186,000, betri mpya nzuri haitoshi, tunaendelea kuchanga. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, hatuwaombi betri. Tunaomba kitu kidogo: mkimwachia mtu mashine, mwacheni nayo mtu mmoja anayeijua kwa siku mbili, kabla hamjaondoka. Kitabu peke yake hakikutuambia habari ya ile swichi ya chini.

Paa kwa sasa liko juu, juu ya miti ya mkaratusi, na halitashuka mpaka mzee aseme. Yeye tumemwomba awe anakuja kila Jumamosi kutufundisha, amekubali, ila anataka kiti chenye mgongo.

Wale watano wameleta tena vyeti vyao kwenye kabati. Wa sita tulimwendea juzi, tukamwambia sasa kila kitu ni salama, paa limesimama, funguo ziko mbili. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai. Diplomu iko chini ya godoro lake, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kile kitenge. Amesema itakaa hapo.